Mama anasema ameridhika na huduma, lakini usiku anauma shuka kwa maumivu

Kwako Mshauri,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba nami ningekuja kuandika. Mama yangu ana saratani ya matiti iliyosambaa hadi kwenye mifupa. Kwa sasa amelazwa katika wodi ya wagonjwa wa saratani, kwa kuwa maumivu ya nyonga na ya mgongo yalimshinda nyumbani, na tibakemikali ilimwacha na kutapika ambako hakukuisha. Mimi ndiye niliyeruhusiwa kukaa naye usiku. Kaka yangu mkubwa huja jioni akitoka kazini, hukaa naye kidogo, kisha huondoka.

Hivi karibuni alikuja mfanyakazi wa hospitali akiwa na dodoso la kupima kama wagonjwa wameridhika na huduma. Vidole vya Mama vina ganzi tangu alipoanza tibakemikali na hawezi kushika kalamu vizuri, kwa hiyo aliniomba nimsomee maswali na kumwekea alama. Yaliulizwa mambo ya ustadi wa madaktari, upole wa wauguzi, maelezo aliyopewa kuhusu vipimo, usafi, na muda anaosubiri baada ya kubonyeza kengele. Kila swali alilijibu vilevile: "Nzuri sana." Tulipofika kwenye swali la kengele nilisita, kwa sababu usiku uliotangulia tuliita tukasubiri mno, na muuguzi alipofika alisema, "Mama, hauko peke yako wodini." Mama aliuona mkono wangu umesimama, akaniambia, "Weka nzuri sana, mwanangu." Nikaweka.

Madaktari wakipita asubuhi, huwa amekwisha kuniomba nimwinue, amefunga kitambaa chake vizuri kichwani, na daktari akiuliza hali, humjibu kwamba anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu. Daktari huandika kwenye faili na kuhamia kitanda kinachofuata. Taa zikizimwa, mama huyohuyo anauma shuka ili wenzake wasimsikie. Hali chakula, hapati usingizi, na choo hakijamtoka kwa siku kadhaa. Nikitaka kubonyeza kengele, hunishika mkono.

Kilichonifanya niandike ni jambo jingine. Nilipokuwa nikitafuta miwani yake, nilikuta ndani ya kasha la miwani vidonge vya mofini vimefungwa kwenye karatasi laini. Muuguzi humwachia dawa mezani, naye hunywa kimoja na kuficha kingine. Nilipomuuliza, alisema anaviweka akiba kwa ajili ya siku maumivu yatakapokuwa makali kweli, kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote.

Kaka yangu anasema nimwache Mama na msimamo wake, kwa kuwa tukionekana wakorofi, atakayeumia ni yeye aliye kitandani. Mimi nina hasira, na nimekwisha kuandika nusu ya barua ya malalamiko kwa mkuu wa hospitali. Nikinyamaza najiona ninamtazama akiteseka, na nikisema nitakuwa nimevunja kiapo na kumwonyesha kuwa mwongo mbele ya watu anaowategemea. Nifanye nini?

Msomaji, jina limehifadhiwa.

JIBU LA MSHAURI

Binti yangu mpendwa, pole kwa kumuuguza Mama, na pole zaidi kwa hizo saa za usiku ambazo wengine wa familia hawazioni. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona mambo matatu yaliyofungwa katika fundo moja: Mama anasema ameridhika ilhali anaumia, umeona vidonge ambavyo watoa huduma hawajui kuwa havinywewi, na umebeba hasira juu ya namna alivyojibiwa siku ile. Kila moja lina njia yake, na nadhani sehemu ya uzito unaousikia inatokana na kutafuta jibu moja la kuyamaliza yote matatu.

Nianze na dodoso, kwa sababu naona limekuumiza kuliko ulivyosema. Unaamini kwamba mlipojaza zile alama mlidanganya. Je, una hakika? Yatazame tena maswali uliyoyataja. Yanahusu ustadi, upole, maelezo, usafi na kusubiri. Hata dodoso linalotumiwa katika nchi nyingi kwa wagonjwa wa saratani waliolazwa, lile la taasisi ya Ulaya ya utafiti na tiba ya saratani lenye maswali 32, linapima mambo ya namna hiyo: madaktari, wauguzi, mpangilio wa huduma na mazingira. Halimuulizi mgonjwa ameumia kiasi gani usiku. Kwa hiyo mtu anaweza kuridhika kwa dhati na watu wanaomhudumia huku mwili wake ukiwa motoni. Watafiti wa maumivu wamelikuta jambo hili mara nyingi, kwamba mgonjwa mwenye maumivu makali hujaza kuwa ameridhika sana, ama kwa sababu anaona wahudumu wanajitahidi, ama kwa sababu aliingia hospitali akiamini kuwa saratani lazima iume na hivyo hakutarajia nafuu zaidi ya aliyoipata. Na wapo, bila shaka, wanaojaza hivyo kwa hofu. Mama yako ni yupi kati ya hao sijui, na kwa barua yako naona hata wewe hujapata kumuuliza.

Kinyume chake pia kinahitaji kuangaliwa. Unayachukulia maumivu ya Mama kuwa ushahidi kwamba anahudumiwa vibaya. Huenda ni kweli kwa sehemu, na jibu la muuguzi yule halikuwa zuri hata kama alikuwa na wagonjwa wengi mno kwa zamu moja. Lakini daktari anayepita asubuhi anamwona mama aliyeketi, kitambaa kimefungwa vizuri, anayesema anaendelea vizuri, na faili linaloonyesha kwamba dozi zote za mofini zimetolewa. Kutapika huonekana na homa hupimwa, ila uchovu, huzuni, kukosa hamu ya kula na maumivu yenyewe havina kipimo kingine isipokuwa kinywa cha mgonjwa, na imethibitishwa mara kwa mara kwamba wahudumu hukadiria dalili za namna hii chini ya vile mgonjwa mwenyewe anavyozihisi. Naye Mama yako anawaficha kwa ustadi.

Ndiyo sababu mwaka 1991 Eduardo Bruera na wenzake huko Edmonton, Kanada, walitengeneza kipimo chepesi cha ukurasa mmoja ambacho mgonjwa hukijaza mwenyewe, na ambacho hadi leo hutumika katika wodi nyingi. Kinataja dalili tisa, zikiwemo maumivu, uchovu, kichefuchefu, kusinzia, kukosa hamu ya kula, kupumua kwa shida, huzuni na wasiwasi, na kila moja hupewa namba kuanzia 0, maana yake haipo kabisa, hadi 10, maana yake ni mbaya kuliko zote. Ninakitaja kwa sababu kinaweza kumtoa Mama mahali alipokwama. Yeye anaona mbele yake mambo mawili tu, kushukuru au kulalamika, na amechagua kushukuru. Kusema "jana usiku mgongo ulikuwa 8, asubuhi 5, kichefuchefu 6" hakumshtaki mtu, na anaweza kuanza na shukrani zake zote na bado akataja namba. Unaweza kumwomba akutajie namba hizo wewe tu kwanza, jioni na usiku wa manane, ukaziandika kwenye daftari pamoja na saa aliyokunywa dawa, pasipo kumwahidi wala kumtishia kwamba zitakwenda kwa daktari. Wagonjwa wengi wakishaziona namba zao wenyewe zimepangwa mstari mmoja baada ya mwingine, huanza kuzisema. Wengine hawaanzi, na hilo nalo uwe tayari kulikuta.

Je, kuna faida ya kusema, au ni kumsumbua bure? Katika utafiti uliofanyika Marekani na matokeo yake ya muda mrefu kutolewa mwaka 2017, wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa waliokuwa wakipata tibakemikali kama wagonjwa wa nje waligawanywa: baadhi waliripoti dalili zao kwa kompyuta na wauguzi wakapata taarifa dalili zilipozidi, na wengine wakahudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Walioripoti waliishi wastani wa kati wa miezi 31.2, na wengine miezi 26. Hawakuwa wamelazwa kama Mama, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi juu yake. Nazileta kwa sababu zinaonyesha kwamba kutaja dalili ni sehemu ya matibabu yenyewe, na huenda Mama akaiheshimu hoja hii kuliko ile ya haki yake ya kulalamika.

Sasa nije kwenye kasha la miwani. Hapa ninalazimika kusema waziwazi zaidi, kwa sababu kuna hatari ambayo pengine hukuifikiria. Daktari akiona kwenye faili kwamba Mama amekunywa vidonge viwili na bado, kwa bahati, akasikia kwamba anaumia, ataongeza dozi. Akiamua kumhamishia kwenye sindano au dripu kwa sababu anatapika, atapiga hesabu ya mofini kwa kile kilichoandikwa, ilhali mwili wa Mama umezoea nusu yake tu. Na Mama mwenyewe, usiku ule anaouita wa maumivu makali kweli, anaweza kunywa akiba yote kwa pamoja. Katika hali zote hizo, kinachoogopwa ni kusinzia kupita kiasi na pumzi kupungua. Kwa hiyo kiapo alichokuapisha kinafunika zaidi ya siri. Kwamba jambo hili lifike kwa wahudumu sioni namna ya kulikwepa, na lisingoje siku nyingi. Nani alifikishe, kwa maneno gani, akiwepo nani, hayo ndiyo yaliyo mikononi mwenu.

Kabla ya hapo, ningependa umuulize kwa nini anaweka akiba, na usiridhike na jibu la kwanza. Wengi huamini kwamba mofini ikitumiwa mapema huishiwa nguvu, na ya siku mbaya haitakuwepo. Si hivyo: mwili ukiizoea, dozi huweza kuongezwa, na kwa maumivu ya saratani mofini haina kiwango cha juu kilichowekwa kwa watu wote, bali daktari hupandisha taratibu akiangalia nafuu na madhara. Ndiyo maana tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 imesisitizwa dawa ya maumivu ya kudumu inywewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na pawepo dozi ya ziada ya kutuliza yanayochomoka katikati. Kwa maneno mengine, akiba anayoitafuta Mama inaweza kuandikwa kwenye faili kihalali. Wengine huogopa uraibu. Mwili kuzoea dawa, kiasi kwamba haifai kuikatisha ghafla, si sawa na uraibu, na kwa mgonjwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi, hofu hiyo kwa kawaida ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Wengine hupunguza kwa sababu inawasinzisha, nao wanataka kuwa macho watoto wanapokuja jioni. Na wengine, jambo ambalo wazazi wetu hawalisemi kirahisi, hupunguza kwa sababu ya choo. Umeandika kwamba hajapata choo kwa siku kadhaa. Mofini hufanya hivyo karibu kwa kila mtu, na tofauti na kichefuchefu chake ambacho mara nyingi hupoa baada ya siku chache, hili haliondoki lenyewe, linahitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Tumbo lililofunga huongeza kichefuchefu na kuondoa hamu ya kula. Inawezekana kabisa kwamba Mama amegundua kuwa kidonge kimoja kinamsumbua tumbo kidogo kuliko viwili, na akajitibu mwenyewe kwa siri.

Ukishaijua sababu, una njia zaidi ya moja. Unaweza kumwambia, "Mama, vile vidonge vinaniogopesha, hesabu ya daktari itakosea. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi ukiwa unasikia?" Njia hii inamwachia heshima yake, lakini anaweza kukataa yote mawili, nawe utalazimika kusema baada ya kukatazwa mara ya pili, ambako ni kugumu kuliko kusema sasa. Unaweza kwenda peke yako kwa muuguzi msimamizi na kumweleza kwa faragha, ukiomba wasimjie Mama kwa ukali. Hiyo ni ya haraka, ila Mama akija kujua, huenda kesho akaacha kukuonyesha hata yale anayokuonyesha leo. Kati ya hizo mbili ipo ya kumtumia mtu wa tatu, muuguzi anayempenda, ambaye hukosi kumjua baada ya siku zote hizi wodini, umwombe amuulize mwenyewe kuhusu dawa na choo. Ninyi mnamjua Mama, mimi simjui. Ila kumbuka kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kuamua anywe nini, na kwamba anayewajibika kukokotoa dozi ana haja ya kujua ukweli. Haki hizo mbili hazigombani kama inavyoonekana saa nane za usiku.

Lipo jambo moja ambalo halingoji mazungumzo. Mama ana saratani iliyosambaa hadi kwenye mifupa na maumivu ya mgongo. Miguu ikilegea ghafla, ganzi ikimshika kiunoni kushuka chini, mkojo ukigoma kutoka, au maumivu ya mgongo yakibadilika na kuwa ya namna nyingine, hiyo inaweza kuwa dalili ya uti wa mgongo kubanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya tibakemikali. Hapo bonyeza kengele hata akikushika mkono.

Muulize daktari pia kama nyonga hiyo inafaa kupigwa mionzi, kwa kuwa maumivu ya mfupa mara nyingi hupungua kwa mionzi, hata ya kikao kimoja. Na uliza kama hospitali ina timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine ya ugonjwa. Najua jina hilo linaogopesha, na kaka yako anaweza kudhani mnamkatia Mama tamaa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ambamo waliopewa tiba shufaa mapema sambamba na matibabu ya saratani walikuwa na hali bora na huzuni kidogo kuliko wenzao, na wastani wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Watu wa timu hii hukaa kando ya kitanda muda mrefu kuliko raundi ya asubuhi, na wamezoea kuwasikiliza wagonjwa wanaosema "naendelea vizuri". Dame Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa magonjwa yasiyopona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii huwa ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani kwa wakati mmoja. Jiulize kama kumeza maumivu kimya kwa Mama hakuhusiani pia na ninyi watoto, kwamba huenda hataki wewe uyaone.

Kaka yako naye usimfanye adui. Hofu yake kwamba mlalamikaji hulipiziwa si ya kipuuzi, wagonjwa wengi wanayo, na Mama anayo. Yeye huja jioni, Mama akiwa amejikaza, kwa hiyo anamwona mgonjwa tofauti na wako. Pengine akikaa usiku mmoja badala yako, mtakuwa na mengi ya kuzungumza bila kubishana, na wewe utalala, jambo ambalo hukuligusa kabisa katika barua yako.

Ile barua ya malalamiko iliyofika nusu, sikuambii uichane. Kusubiri kengele kwa muda mrefu na jibu la namna ile ni mambo ambayo uongozi unapaswa kuyajua. Ila haitaleta dawa leo usiku, na ikitumwa sasa kabla Mama hajui, itakuwa imesemwa kwa jina lake. Unaweza kuanza kwa mazungumzo na muuguzi msimamizi juu ya tukio lile moja, au kuikamilisha barua na kuituma kwa jina lako mwenyewe Mama akishatoka, au uipeleke sasa kwa ridhaa yake. Hospitali nyingine huwa na dodoso la jamaa wa mgonjwa, tofauti na la mgonjwa. Uliza kama lipo, kwa kuwa humo alama zako zinaweza kuwa zako na za Mama zikabaki zake. Na ukienda kuzungumza na muuguzi msimamizi, usiende wakati wa kupokezana zamu. Mwombe akupangie saa, mketi, na uwe na lile daftari la namba mkononi.

Mshauri